Bekapu ya mtandaoni kwa kompyuta ya nyumbani: GB 430, Lindi, ruta ya 4G. Nichague ipi?

Mitwero_PC (Lindi mjini)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa huduma ya kuweka nakala za mafaili mtandaoni. Hali halisi ni hii:

Kompyuta ya mezani, Windows 11, diski ya ndani TB 1. Vitu vyote ni kama GB 430: video GB 290, picha GB 104, hati GB 6 (Word, Excel, PDF, vyeti vilivyoskaniwa), na GB 30 zilizobaki ni filamu na programu za kusakinisha. Humo kwenye hati zimo orodha za wakulima wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ninazochapa nyumbani msimu wa korosho. Intaneti ni ruta ya 4G, bando la mwezi. Diski ya nje ninayo moja ya TB 1, imechomekwa muda wote.

Nimeangalia Google One, OneDrive, Backblaze na IDrive, na kila moja inajisifu. Ipi inafaa kwa mazingira yetu ya huku kusini? Itachukua muda gani kupandisha vyote? Na mitego ni ipi, ile isiyoandikwa kwenye tangazo? Bajeti isizidi laki tatu kwa mwaka.

---

Fundi_Shangani (Mtwara)

Mkuu, kabla hatujataja kampuni, pima kasi ya KUPANDISHA. Wengi wanapima ya kushusha, wanaona 25, wanafurahi, halafu bekapu inakwama wiki ya kwanza. Kwenye 4G kupandisha huwa sehemu ndogo tu ya kushusha, na mnara ukielemewa jioni hushuka zaidi. Pima mara tatu: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, na saa tisa usiku kama unaweza kuamka.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde) ikienda mfululizo inapitisha MB 450 kwa saa, yaani GB 10.8 kwa siku nzima. Ukiwa na Mbps 3, ni GB 32 na kidogo kwa siku. Toa filamu na programu za kusakinisha, maana hizo unaweza kuzipata tena popote, unabaki na GB 400. Kwa Mbps 3 bila kupumzika hata dakika moja ni siku 12 na zaidi kidogo. Bila kupumzika ni ndoto: umeme utakatika, utahitaji kutumia mtandao, kompyuta italala. Zidisha mara mbili hadi tatu ndiyo upate muda wa kweli.

Halafu bando. GB 400 za kupandisha zinahesabiwa sawasawa na GB 400 za kushusha. Hata yale mabando yanayoitwa hayana kikomo, soma masharti madogo: mengi yanapunguza kasi ukishafika kiwango fulani. Ukikipita ndani ya siku tano, siku 25 zilizobaki unatambaa.

Kwa hiyo usianze na swali la huduma ipi. Anza kwa kugawa vitu vyako mafungu matatu: visivyopatikana tena duniani vikipotea, vinavyouma lakini utaishi, na visivyo na maana. Video GB 290, je, ni zilizokwisha kuhaririwa au ni za kamera zenyewe? Picha GB 104, ngapi ni RAW (ghafi za kamera) na ngapi ni JPEG za mwisho? Jibu hayo tuendelee.

---

binti_wa_Mikindani (Mtwara)

Naongezea kwenye swali la huduma, kwa sababu hizo nne ulizotaja si aina moja, na hapo ndipo watu huumia.

Google Drive (ndiyo nafasi unayoilipia kwa Google One) na OneDrive kazi yao ni kusawazisha. Ukifuta faili kwenye kompyuta, linafutika na huko juu. Kirusi cha kudai fidia kikifunga mafaili yako, yale yaliyofungwa ndiyo yanayopandishwa juu ya yale mazima. Njia ya kurudi ipo ila ni fupi. Google Drive inaweka vilivyofutwa kwenye pipa siku 30, na matoleo ya zamani ya faili siku 30 au matoleo 100. OneDrive binafsi nayo pipa ni siku 30, na aliyelipia Microsoft 365 anaweza kurudisha akaunti nzima ilivyokuwa siku yoyote ndani ya hizo 30. Ukigundua kosa siku ya 31, imekula kwako. Fikiria faili la msimu wa korosho: unalifungua Oktoba, unalifunga Januari, hulikumbuki mpaka Oktoba nyingine.

Backblaze na IDrive zimetengenezwa kwa ajili ya bekapu hasa, lakini kila moja ina tabia yake.

Backblaze ya kompyuta binafsi ilipandisha bei Oktoba 2023: dola 9 kwa mwezi au 99 kwa mwaka, kompyuta moja, bila kikomo cha ukubwa. Inachukua karibu mafaili yako yote yenyewe, huhitaji kuchagua folda. Inaacha Windows na programu zilizosakinishwa, na diski ya mtandao haichukui. Faili lililofutwa linakaa siku 30, lakini ukiingia kwenye mipangilio unaweza kubadilisha iwe mwaka mzima bila kulipa zaidi. Badilisha siku hiyohiyo unayosakinisha. Diski ya nje inahesabiwa pia, ila ukikaa nayo bila kuichomeka kupita muda huo, huduma inachukulia kwamba umeifuta. Watu wanaotoa diski na kuiweka kabatini miezi miwili ndio wanaokuja kulalamika.

IDrive ni kinyume chake: unalipia ukubwa, lakini kompyuta na simu unaunganisha nyingi utakavyo. Inatunza hadi matoleo 30 ya kila faili, na ulichofuta kwenye kompyuta kinabaki kule mpaka wewe mwenyewe uendeshe usafishaji wao uitwao Archive Cleanup. Hiyo ni nzuri sana kwa usalama, mbaya kwa nafasi: ukihamisha folda ya GB 60 kutoka D kwenda E, kule zinakuwa GB 120. Angalia na bei: mwaka wa kwanza mara nyingi una punguzo, wa pili unakatwa bei kamili kadi ikiwa imeunganishwa.

Mtego ambao matangazo hayasemi, na wewe wa Windows 11 unakuhusu: fungua folda ya Documents, uangalie njia yake juu. Ukiona imepita ndani ya OneDrive, maana yake Windows ilishahamisha Desktop, Documents na Pictures kwenda huko wakati wa kuiwasha mara ya kwanza. Bure ni GB 5 tu. Zikijaa, kusawazisha kunasimama na hakuna atakayekupigia simu. Mbaya zaidi ni ule utaratibu wa Files On-Demand: faili lenye alama ya wingu la bluu halipo kwenye diski yako, ni jina tu. Programu nyingi za bekapu zinaliruka. Bonyeza kitufe cha kulia kwenye folda, chagua Always keep on this device, subiri duara la kijani lenye alama ya tiki. Baada ya hapo ndipo usakinishe bekapu nyingine.

---

Mitwero_PC

Ahsanteni sana. Majibu: kasi ya kupandisha asubuhi Mbps 3.1, saa mbili usiku 1.4, saa tisa usiku 6. Kweli Documents imo ndani ya OneDrive na kuna mawingu ya bluu kibao, sikuwa naelewa maana yake.

Picha za mwisho JPEG ni GB 22, zilizobaki ni RAW. Video karibu zote ni za kamera, zilizohaririwa nimeshawapa wenyewe. Kwa hiyo lile fungu la kwanza ni hati GB 6 na JPEG GB 22.

Dada wa Mikindani, kwa maelezo hayo naona kama Backblaze inashinda kwa sababu haina kikomo?

---

Newala_juu (Newala)

Napinga kidogo hapo. "Bila kikomo" ni sifa ya mtu mwenye faiba. Kwenye 4G, kikomo ni bando lako, wala si seva yao.

Piga hesabu kwa kasi yako ya usiku. Ukiweka ratiba ya saa sita usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, ni saa 5. Mbps 6 inapitisha GB 2.7 kwa saa, jumla 13.5, toa upotevu wa njiani, sema GB 11 kwa usiku. Fungu lako la kwanza GB 28 linaisha usiku wa tatu. GB 400 zote ni usiku 36 na zaidi, na hapo hakuna hata usiku mmoja uliokatika.

Na hujafikiria safari ya kurudi. Diski ikifa, GB 400 zinashuka vilevile kwa bando. Kwa Mbps 10 ni karibu saa 89, zaidi ya siku tatu na nusu za kushusha mfululizo. Mteja aliyesimama mlangoni hakusubiri.

Ushauri wangu: GB 28 ziende mtandaoni, RAW na video ziende kwenye diski mbili za nje. Sisemi moja, nasema mbili. Ile uliyonayo, iliyochomekwa muda wote, si bekapu ya kutegemea: radi ikipiga, umeme ukirudi kwa kishindo, kirusi kikiingia au mwizi akiingia, inaondoka pamoja na kompyuta. Nunua ya pili ya TB 2. Moja ikae kwako bila kuchomekwa, nyingine ikae kwa ndugu Nachingwea au Masasi, mbali na pwani, na mbadilishane kila mwezi mtu anapopanda basi. Huko Lindi hewa ya chumvi inakula viunganishi vya USB. Iweke kwenye kopo la plastiki linalobana, tupia ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na usiweke juu ya friji wala karibu na spika.

Mtandao nao una siku zake. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilitambaa kwa siku kadhaa. Mwezi uleule Kimbunga Hidaya kikakata barabara pale Somanga. Ukiwa na nakala mtandaoni tu au diski Dar es Salaam tu, siku kama hizo unakaa unaangalia.

---

binti_wa_Mikindani

Newala_juu umesema kweli kuhusu kurudisha, nakubali. Lakini diski mbili za kubadilishana kwa basi zinataka mtu mwenye nidhamu, na wengi wetu mwezi wa tatu tu tumeshasahau. Bekapu inayojiendesha yenyewe saa sita usiku ni bora kuliko mpango mzuri unaomsubiri mtu akumbuke. Afanye zote mbili: GB 28 zijiendeshe, diski ibaki kazi ya mkono.

Kwa GB 28 tu, Backblaze ya dola 99 ni kununua lori kubeba kiroba. Na kwa kawaida yenyewe inataka kila kitu, utashinda unaongeza folda za kuruka. Hapo IDrive ni rahisi zaidi, na wana akaunti ya bure ya GB 10: hati zako GB 6 zinaingia leo, unajaribu mwezi mzima, ukiridhika ndipo ulipie nafasi ya picha.

Google One ya GB 100 inaweza kubeba picha, kwa sharti kwamba unaielewa kuwa ni kusawazisha. Ile GB 15 ya bure inagawana na Gmail na Google Photos, na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya za Google Photos zinahesabiwa zote. Ukiacha kulipa ukawa umezidi nafasi, barua pepe mpya zinakataa kuingia, na ukikaa hivyo miaka miwili wana haki ya kufuta vilivyomo.

---

KivinjePC (Kilwa)

Kuna njia ya tatu kwa asiyeogopa dirisha jeusi la amri: restic, programu ya bekapu inayoendeshwa kwa amri, pamoja na hifadhi ya Backblaze B2. B2 si ile ya kompyuta binafsi. Unalipia kiasi unachoweka. Kwa bei ya dola 6 kwa TB kwa mwezi iliyowekwa 2023, huku GB 10 za kwanza zikiwa bure, GB 28 inatoka chini ya senti 20 za dola kwa mwezi. Hakikisha bei kwenye ukurasa wao kabla.

restic inakata faili vipande, inafunga kila kipande kwa ufunguo wako kabla hakijatoka nyumbani, na kipande kilichokwishapanda hakipandi tena. Excel ya MB 40 ukibadilisha inapanda tena karibu yote kwa sababu ndani imebanwa kama zipu, ila folda ya picha 5,000 ukiibadilisha jina, hakuna picha inayopanda upya. Kwa bando hilo ni jambo kubwa. Umeme ukikatika katikati, ukiendesha tena inavitambua vipande vilivyokwishafika.

Amri tatu za kukumbuka baada ya kuanzisha hifadhi, yaani kupandisha, kufuta nakala za zamani, na kukagua:

restic backup D:\Hati D:\Picha_za_mwisho --limit-upload 500

restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --prune

restic check --read-data-subset=5%

Hiyo 500 ni KiB kwa sekunde, kama Mbps 4. Usiiachie njia yote, hata usiku. Njia ya kupandisha ikijaa kabisa, hata kushusha kunakwama, kwa sababu taarifa ndogo za "nimepokea" nazo zinapita kwenye njia hiyohiyo. Amri ya mwisho inashusha asilimia 5 ya data kuipima, kwa hiyo iendeshe mara moja kwa mwezi tu, si kila usiku.

---

Mitwero_PC

Dirisha jeusi naliogopa, mkuu, nisikudanganye. Nitaanza na IDrive ya bure kwa hati. Mawili yamebaki: wakati wa kufungua akaunti wanauliza kama nataka ufunguo wa siri wangu mwenyewe au wao watunze. Nichague lipi? Na kulipa nitalipaje, sina kadi ya benki ya Visa.

---

Fundi_Shangani

Ufunguo wako mwenyewe maana yake hata wafanyakazi wao hawawezi kufungua mafaili. Maana yake pia ni kwamba ukiusahau, hakuna kitufe cha "nimesahau nywila" kitakachokusaidia. Mafaili yapo, hayafunguki, basi. Uchaguzi huo unafanywa mara moja tu, wakati wa kuanzisha akaunti. Kubadilisha baadaye ni kuanza upya kupandisha vyote.

Kwa sababu una taarifa za watu, chagua ufunguo wako. Tumia maneno matano au sita yasiyohusiana, utakayoweza kuyaandika bila kukosea herufi kubwa na ndogo. Andika kwenye karatasi mbili kwa kalamu ya wino: moja ikae na hati zako za kiwanja, nyingine kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba. Usiihifadhi kwenye Notepad ya kompyuta ileile. Utacheka, lakini ndipo wengi wanapoiweka.

Uthibitisho wa hatua ya pili weka wa programu ya simu badala ya SMS, maana laini ikifungwa au ikasajiliwa upya na mtu mwingine, SMS zinakwenda naye. Zile namba za dharura wanazokupa, chapa kwenye karatasi ileile.

Kulipa: huduma za pesa za simu zina kadi za mtandaoni, unaitengeneza kwenye menyu ya simu na kuiwekea salio. Linaloharibika ni mwaka wa pili. Kadi imekwisha muda au haina salio, malipo yanakataliwa, barua pepe ya onyo inaingia kwenye folda ya taka, akaunti inafungwa. Weka kikumbusho kwenye simu wiki tatu kabla, na weka salio linalozidi bei kidogo kwa ajili ya makato na dola ikipanda.

---

Newala_juu

Hizo orodha za wakulima zitoe kwenye akaunti yako binafsi kwanza. Zina majina, namba za simu na akaunti za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kusafirisha taarifa za watu kwenda seva za nje ya nchi kuna masharti yake. Mwenye taarifa hizo ni chama. Waulize viongozi kwa maandishi zikae wapi. Kazi ikiisha, rudisha faili kwao, futa kwako.

---

KivinjePC

Na jaribu kurudisha kabla ya kulipa hata senti. Programu kuandika "imekamilika" kwa kijani si ushahidi.

Chagua mafaili matano: Excel moja, PDF moja iliyoskaniwa, JPEG mbili za miaka tofauti, na moja lenye jina refu lililozama ndani ya folda saba. Hilo la mwisho usiliache, kwa sababu njia ikizidi herufi 260 baadhi ya programu za Windows huliruka kimyakimya. Kwenye kompyuta yako fungua dirisha la amri, andika:

certutil -hashfile D:\Hati\faili.xlsx SHA256

Nakili ile mistari ya herufi na tarakimu. Sasa ingia kwenye akaunti kwa kompyuta NYINGINE, shusha mafaili yaleyale, endesha amri hiyohiyo. Tarakimu zikilingana zote, faili ni lilelile mpaka herufi ya mwisho. Zikitofautiana hata moja, angalia kwanza kama ulilifungua na kulihifadhi katikati. Excel ikihifadhi tu, hata bila kubadilisha namba, zinabadilika.

Kompyuta nyingine nimesema makusudi, maana kwako nywila imeshahifadhiwa na ufunguo umeshaingizwa, kwa hiyo hutajua kama karatasi yako imeandikwa sawasawa.

Na faili lililo wazi: Excel ikiwa imefunguliwa usiku saa bekapu inapita, linaweza kurukwa. Angalia ripoti ya asubuhi, sehemu ya yaliyoshindikana, siyo ile namba kubwa ya juu.

---

Mitwero_PC

Nimeelewa. Leo nashusha kwanza yale ya mawingu ya bluu mpaka duara liwe la kijani. Nimeyahesabu, yapo 1,312. Nimezima usingizi wa kompyuta na kuweka ratiba saa sita usiku. Kuhusu orodha za AMCOS, kesho asubuhi nakwenda ofisini kwao na flashi. Nikimaliza kulinganisha tarakimu za yale mafaili matano nitaweka hapa matokeo.

---

binti_wa_Mikindani

Kwenye kuzima usingizi, angalia na upande wa Windows Update: weka saa za kazi zifunike hizo saa tano za usiku, la sivyo itajiwasha upya saa tisa katikati ya kupandisha. Na kwenye mipangilio ya mtandao, kama umewasha alama ya bando linalopimwa, OneDrive itasimama kushusha. Izime kwa muda, ikimaliza uirudishe.